GEMU: ZAMANI ULICHEZA NA MASHINE, LEO UNACHEZA NA WATU



Juni ikifika shule zinafungwa, na kama kwenu ni Iringa au Mbeya huhitaji kuambiwa baridi ya mwezi huo ikoje. Mchana kuna mahindi ya kuvuna na maharage ya kupura. Jioni unabaki na mambo mawili: kukaa jikoni kuota moto na bibi, au kuvaa koti na kwenda kwenye banda la gemu. Tunajua wengi wenu mnaelekea wapi! Na siku hizi hata bandani huendi, maana gemu imeshaingia kwenye simu ya kaka.

Katika somo hili hatutakuambia kwamba gemu ni shetani. Tutaangalia jinsi gemu zilivyohama, kutoka zile za kucheza peke yako hadi hizi za kucheza na mamia ya watu mtandaoni. Tutauliza ni nani anayefaidika na kuhama huko. Halafu tutaona mambo matatu yanayokuhusu wewe moja kwa moja: usingizi wako, pesa ya mama, na yule mtu usiyemjua anayekuita "broo".

KOMBOLELA YA MTU MMOJA

Kwanza tukubaliane jambo moja. Mchezo wa kucheza peke yako ni kitu kigeni kwetu. Bao la kete lina mashimo 32, kete 64 na wachezaji wawili, lakini ukipita barazani utakuta watu kumi wamelizunguka, na kila mmoja anajua kucheza kuliko mwenye zamu. Rede inataka watu. Mdako unataka watu. Na kombolela ya mtu mmoja umeiona wapi?

Mashine ndizo zilizoleta upweke. Mwaka 1984, huko Moscow, Alexey Pajitnov alitunga Tetris, ile gemu ya matofali yanayoshuka. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ikaiuza pamoja na mashine yake ndogo ya mkononi, Game Boy. Huku kwetu wengi waliijua kupitia vile vigemu vya plastiki vya betri, vilivyouzwa sokoni pamoja na saa na redio. Mwaka 1997 Nokia ikaweka nyoka ndani ya simu. Waulize wajomba zako, watakuambia nyoka yule alikula muda kiasi gani.

Hata hivyo nyoka alikuwa na adabu moja. Ukiitwa kuchota maji, unamwacha ajigonge ukutani, basi. Hakuna mtu aliyekununia wala timu iliyofungwa kwa sababu yako. Likumbuke hilo, tutalirudia.

BANDANI: ALIYEFUNGWA ATOKE

Kisha ikaja PlayStation. Ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1994, na ya pili mwaka 2000. Hiyo ya pili iliuzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani, na nyingi ziliishia mikononi mwa watu wasiozinunua zikiwa mpya. Ukitembea Mwanjelwa au Mafiati kule Mbeya, au Mlandege, Kihesa na Ipogolo kule Iringa, banda la gemu halikosekani: chumba kimoja, benchi, televisheni, padi mbili na fundi wa kubadilisha waya. Unalipa kwa mechi. Aliyefungwa anatoka, anayefuata anakaa.

Huo ndio ujanja wa watu wetu. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya sebule ya mtu mmoja ikageuzwa kuwa baraza la bao. Mchezo wa mpira wa kampuni ya Konami, ulioitwa Winning Eleven na baadaye Pro Evolution Soccer, ulichezwa na wawili na kutazamwa na ishirini. Ukimtukana mwenzako, yuko hapo pembeni yako na anakujua kwenu. Mwenye banda akiwa na akili, mwanafunzi mwenye sare anamfukuza kabla hajakaa.

Banda lina ubaya wake pia, tusifichane. Kuna kuwekeana pesa, kuna moshi wa sigara, kuna ada ya mtihani iliyoyeyuka pale mia tano mia tano. Na wasichana? Ni wangapi umewahi kuwaona wameshika padi? Wengi wanaishia mlangoni, wakimwita kaka akale.

KWA NINI MTANDAO ULICHELEWA KUFIKA? TUPIGE HESABU

Wenzetu wa Marekani, Ulaya na Korea walianza kucheza mtandaoni mapema. Ultima Online ilitoka mwaka 1997 na World of Warcraft mwaka 2004, na maelfu kwa maelfu ya watu wakawa wanaingia katika dunia moja ya kubuni kwa wakati mmoja, kwa kulipa kila mwezi. Kwa nini sisi hatukuwemo? Utasema umaskini. Ni kweli kwa sehemu, lakini fizikia nayo ilichangia. Chukua kalamu.

Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Tanzania ilitegemea sana satelaiti. Satelaiti hizo ziko umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi. Ukibonyeza "piga" ukiwa Iringa, ishara inapanda kilomita 36,000 na kushuka 36,000 hadi kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa inayoendesha mchezo. Jibu linarudi njia hiyo hiyo. Jumla ni kilomita 144,000. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya: karibu nusu sekunde. Nusu sekunde inatosha kusoma barua pepe, lakini katika mpira kipa ameshadaka na kuanza upya kabla shuti lako halijafika.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaendelea kusambazwa mikoani. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama seva iko Ulaya na waya una urefu wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni kilomita 20,000, sawa na sehemu moja ya kumi ya sekunde. Je, seva ikiwa Afrika Kusini, kilomita 4,000 za waya? Fanya mwenyewe. (Utapata sekunde 0.04. Kwa kweli huzidi hapo, maana ishara hupita kwenye minara na mitambo mingi njiani.) Muda huo ndio wachezaji wanaouita pingi. Sasa unaelewa kwa nini yule mshkaji wa Johannesburg anakupiga kabla hujamwona. Huenda hakuzidi kwa ufundi. Yuko karibu tu na seva!

Baada ya mkongo zikaja simu za bei nafuu za kugusa kioo. Fortnite na Free Fire zilitoka mwaka 2017, PUBG ya simu mwaka 2018. Katika Free Fire watu hadi 50 wanashushwa kwenye kisiwa kimoja na mechi inaisha ndani ya dakika kumi hivi. Kijana wa Uyole mwenye simu ya mkononi na bando akawa sawa na kijana wa Brazil.

NANI ALITAKA TUHAME?

Hapa soma taratibu, maana ndipo penye siri.

Gemu ya zamani ilikuwa kama kitabu. Kampuni inaitengeneza kwa miaka, inakuuzia mara moja, unaimaliza, basi. Ukiimaliza, pesa yako imekwisha kuingia kwao na haiingii tena. Tena huku kwetu mara nyingi haikuingia hata hiyo moja, kwa sababu santuri zilizouzwa mitaani zilikuwa za kunakili. Kampuni ikajiuliza: tufanye nini?

Jibu likawa hili: toa gemu bure, lakini isiishe. Mwaka 2021 Konami waliacha jina la Pro Evolution Soccer na kuleta eFootball, bila malipo ya kuingia. Mlango uko wazi, duka liko ndani. Unauziwa mchezaji maarufu, nguo ya mhusika wako, rangi ya bunduki, almasi. Kila baada ya wiki kadhaa kuna msimu mpya, na kilichokuwa kizuri jana leo ni cha kishamba.

Sasa utasema, "Mimi silipi hata shilingi, kwa hiyo nawala." Hebu fikiri tena. Mtu aliyenunua silaha ya kung'aa anahitaji watu wa kumwona na watu wa kuwapiga. Watu hao ni nani? Wewe. Gemu tupu haina mnunuzi. Asiyelipa anafanya kazi ya kujaza uwanja, kama washangiliaji walioingizwa bure ili mechi ionekane kubwa. Hii haina maana kwamba umekosea kucheza. Ina maana kwamba muda wako una bei, na kuna mtu amekwisha kuipiga hesabu.

KWA NINI NI VIGUMU KUACHA?

Rudi kwa yule nyoka. Gemu ya kucheza peke yako unaweza kuisimamisha. Ya mtandaoni haisimami. Mama akiita "Njoo ule!" unajibu "Dakika moja," na kwa kweli huwezi kuondoka, kwa sababu wenzako watatu wanakutegemea na ukitoka wanapoteza. Mama anaona kiburi, wewe unaona uaminifu kwa marafiki. Ugomvi mwingi wa nyumbani unaanzia hapo, na wote wawili mna hoja.

Jambo la pili ni zawadi za kubahatisha. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alifundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Punje zilipokuja kwa nasibu, mara zikija, mara zisije, njiwa walidonoa mfululizo na hawakuacha upesi hata punje zilipokatishwa. Sasa fikiria yale maboksi ya bahati ndani ya gemu: unalipa, linazunguka, linang'aa, hujui litatoka nini. Linatofautiana nini na zile mashine za kutumbukiza sarafu zilizoko mtaani? Ubelgiji waliona tofauti ni ndogo mno, na mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ikatamka kwamba maboksi ya kulipia yanavunja sheria ya kamari. Hapa Tanzania mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza michezo ya kubahatisha. Boksi la bahati ndani ya simu halimwulizi mtu umri.

Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic, kampuni yenye Fortnite, italipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja walionaswa kununua vitu wasivyokusudia, kwa jinsi vitufe vilivyopangwa. Kwa hiyo siku kidole chako "kilipoteleza" kwenye pesa za simu ya mama, inawezekana hukuwa mzembe peke yako. Lakini mwambie siku hiyo hiyo. Ukikaa kimya mpaka akague mwenyewe, kosa la dakika moja linageuka wizi wa mwezi mzima.

USINGIZI

Mbaya kuliko yote ni saa za kucheza. Bando la usiku ni rahisi, mtandao wa usiku ni mwepesi, na simu ya kaka inapatikana akishalala. Kwa hiyo wengi wanacheza kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa.

Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukilala, ubongo unapanga yale uliyosoma mchana na kuyahifadhi. Ukiukatiza usingizi, unakatiza kazi hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma mada nzima ya kemia jioni, akacheza hadi alfajiri, na asubuhi asikumbuke hata kichwa cha habari. Tena ukitoka kwenye mechi ya kupigana, moyo unakwenda mbio na mwili uko tayari kwa vita. Hauwezi kulala papo hapo kwa sababu tu umezima taa. Kama mtihani wa kidato cha pili au cha nne unakusubiri Novemba, zingatia sana sehemu hii.

Je, gemu ni ugonjwa? Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kucheza gemu. Usitishike. Kucheza sana wakati wa likizo hakukufanyi mgonjwa. Daktari anaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imekuwa mbele ya kila kitu kingine, na kama anaendelea hata pale madhara yanapoonekana wazi: kafeli, kagombana na wote, haogi. Hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Wachezaji wengi hawafiki huko. Anayefika anahitaji msaada wa kitabibu. Kipigo hakimtibu.

China wamechukua njia kali zaidi. Tangu Septemba 2021 kampuni zinaruhusiwa kumpa mtu wa chini ya miaka 18 saa moja tu ya gemu za mtandaoni, saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ungependa sheria kama hiyo hapa? Tunajua jibu lako! Lakini ijadilini.

YULE UNAYEMWITA "BROO"

Bandani ulimjua mpinzani wako kwa sura. Mtandaoni unajua jina la kubuni na sauti. Wengi ni vijana kama wewe, wa Nairobi, wa Lubumbashi, wa Maputo, na urafiki wa namna hiyo ni wa kweli kabisa. Wapo waliojifunza Kiingereza cha kuzungumza humo kuliko darasani, na wapo wanaosikia Kiswahili cha Kongo kwa mara ya kwanza.

Lakini wamo pia watu wazima wanaotafuta watoto. Njia yao haibadiliki sana. Kwanza anakusifu. Kisha anakutumia zawadi, tuseme almasi, ile uliyoitamani miezi miwili. Halafu anasema, "Tuhamie WhatsApp, huku kuna kelele." Halafu picha. Picha ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili ni ya kukutia aibu. Akishaipata, zawadi zinakwisha na vitisho vinaanza: tuma nyingine, au tuma pesa, au naisambaza shuleni kwenu. Wavulana wanafanyiwa hivi kama wasichana, na mara nyingi wao ndio wanaokaa kimya zaidi.

Kama yamekupata, usitume kingine chochote na usilipe, maana anayelipwa mara moja hurudi. Usifute ujumbe. Upige picha ya skrini ili uwe ushahidi, kisha mzuie. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Kama nyumbani hakusemeki, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haina malipo. Katika vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu yeye anayetisha na kusambaza picha za mtoto. Mkosaji ni yeye. Hata kama picha uliipiga mwenyewe kwa mkono wako, mkosaji ni yeye.

Kwa dada zetu tuongeze neno. Mtandao umewafungulia mlango ambao banda liliufunga, ingawa wengi wanajificha kwa majina ya kiume ili wasitukanwe. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, ni mchezaji wa Tekken ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kigeni, huku akisomea sheria. Hakujificha. Wala hakuacha masomo, kama kuna kaka anayetafuta kisingizio hapo.

KWA AJILI YA KLABU YENU

Mkifungua shule jaribuni kazi hizi. Kila anayecheza aandike, bila jina, saa alizocheza katika wiki moja ya likizo na saa alizolala, halafu mchore grafu moja ya darasa zima. Kisha chagueni gemu moja mnayoijua na mworodheshe kila kitu kinachouzwa ndani yake: kipi kinamsaidia mchezaji kushinda na kipi ni pambo tu?

Kazi ya mwisho ni ya nyumbani. Kaa na mama au mlezi, umwonyeshe mechi moja inachukua dakika ngapi toka mwanzo hadi mwisho, na mpatane: akiita wakati mechi imeanza, unamaliza hiyo moja. Akiita kabla haijaanza, huanzi. Andikeni kwenye karatasi, mbandike jikoni, na baada ya mwezi mtuandikie ni nani aliyevunja mkataba mara nyingi zaidi, wewe au yeye.